Kwa Mama Neema, Aliyefanya Mtihani Mmoja na Binti Yake

Mpenzi wangu Mama Neema,

Jumapili ulipopiga simu kutoka Kampala uliniuliza swali, nami nikakuomba unipe siku chache, maana mtu hajibu jambo kama hilo akiwa amesimama mlangoni mwa kanisa. Leo nimekaa. Neema ameenda chuoni, nyumba imetulia, na badala ya jibu nimejikuta naikumbuka asubuhi ile ya mtihani wa Serikali.

Ulikuwa umeacha shule mwaka wa tano, ukiwa na mimba ya Neema. Miaka yote ile ulifagia na kufua mashuka katika kituo cha uzazi hapa Kadutu, Bukavu, na kila ulipotaka kujifunza ukunga ulijibiwa: kwanza diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari. Neema alipofika mwaka wa mwisho, nawe ukajiandikisha kama autodidacte, mtahiniwa aliyejisomea nyumbani. Mimi mwalimu wa kemia nikawa na wanafunzi wawili kwenye meza yetu ya kulia, wakigombania kalamu na wakinigombania mimi.

Siku ya kwanza ya mtihani mlivaa sare ya shule, bluu na nyeupe. Sketi ya pili ya Neema ilikataa kufunga kiunoni mwako, ukaibana kwa pini na kuifunika kwa shati. Nikacheka.

"Papa Neema, ukicheka tena siendi!"

Mkateremka kilima mmeshikana mikono, nisijue nani anampeleka nani.

Matokeo yalikuja kwa simu. Nilikuwa nimenunua pudra ya kuwamwagia nyote wawili mkipita, kama kila mzazi Bukavu siku hiyo. Wewe ulipata asilimia hamsini na nane. Neema hakupita.

Majirani walianza vigelegele uani, nawe ukaingia chumbani ukajifungia. "Bafukuze," ulisema kutoka ndani. "Ubaambie hapa hakuna sherehe." Neema alikuwa ameketi jikoni. Sikujua niende kwa nani kwanza. Nikaenda kwake, nikamshika bega. Akainuka, akaninyang'anya kopo la pudra, akagonga mlango wako.

"Mama, fungula."

"Uniache kwanza, mutoto wangu."

"Kama ni miye ningepita, ungenimwangia pudra ao hapana?"

Ulifungua. Akakumwagia yote, kichwani na mabegani, mkakumbatiana mpaka mkawa weupe nyote wawili, mkilia. Jirani mmoja aliyechelewa aliwapongeza nyote.

Mambo ya mji yalipochafuka na masomo hapa yakawa ya kusimama-simama, dada yako alikuita Kampala. Katika chuo cha ukunga huko waliigeuza-geuza diploma yako. Asilimia zetu hawakuzielewa. Kwao ni herufi na pointi. Tena wakadai cheti cha kidato cha nne, kwa sababu huko sekondari ina mitihani mikubwa miwili, nasi tuna ule mmoja wa mwisho. Ulinipigia ukiwaka hasira: "Nitatoa wapi karatasi yenye kwetu haiko?" Ikabidi uombe barua ya ulinganisho, kisha ukae mwaka mzima ukijifunza Kiingereza na vijana wa rika la Neema. Siku ya kwanza ulipoingia darasani walisimama wote, wakidhani mwalimu ndiye wewe. Ulinisimulia hilo ukicheka mpaka ukakohoa.

Na kutoka huko huko ulimsomesha Neema biolojia kwa simu, kwa Kifaransa kilichoanza kuingiwa na Kiingereza. Mwaka uliofuata akapita. Wewe ndiye uliyempitisha, ingawa mimi ndiye niliyepokea pongezi.

Sasa nyumba hii haielewani. Mimi chuo kikuu nilisoma graduat miaka mitatu na licence, yaani digrii yetu, miwili, nikajua distinction, asilimia sabini na zaidi, ni kitu gani. Neema yuko katika mfumo mpya, wa kukusanya pointi za kila somo; nikimuuliza amepata asilimia ngapi ananijibu, "Papa, siku hizi ni ba-crédits." Wewe unanitumia herufi B yenye alama ya kujumlisha, nami nakaa nayo nisijue nifurahi kiasi gani. Nimeamua kufurahi tu, bila kipimo.

Nakukosa, Mama Neema. Ugali wangu bado una madonge. Akina mama wa kituo cha uzazi wananiuliza mkunga wao atarudi lini, nami huwajibu kwamba karibu.

Ndiyo maana swali lako liliniuma. Umemaliza cheti cha ukunga, na chuo kimekubali uendelee mpaka digrii, miaka miwili zaidi. "Nirudi ao niendelee?" Jana tukila nilimwuliza Neema. Akanitazama.

"Papa, miye niko mukubwa. Weye njo unamuhitaji. Sema tu."

Alisema kweli. Nakuhitaji kila siku, na nilitamani kukuandikia neno moja tu: rudi. Lakini nilikuona ukibana sketi ile kwa pini ili uingie kwenye mtihani, na mtu aliyeona hivyo hana haki ya kukuambia inatosha.

Endelea. Shule zikifungwa mwezi wa saba, usihangaike na safari; nitapanda basi mimi, nikuletee sambaza zilizokaushwa, dagaa wa ziwa letu, nikufulie na kukupikia likizo yangu nzima. Ukitoka darasani utanikuta langoni, na wenzako wakiuliza yule muzee anamngoja nani, waambie amemfuata mke wake.

Nakukumbatia kutoka Kadutu,

Mume wako,
Papa Neema