Tandiko la farasi kitandani mwetu

Shoga, acha unachofanya unisome.

Alfajiri, giza bado, nasikia tip, tip, tip. Bati linavuja. Na linavujia wapi? Kitandani, tulikolaza tandiko la farasi.

Ndiyo, la farasi. Stoo ya zizi la farasi anakofanya kazi mume wangu imeingia maji, bosi wake, mama mmoja, akamkabidhi kile kiti chake cha ngozi tukitunze nyumbani. Akamwambia kikiota ukungu, kazi hana. Basi tandiko likapewa kitanda, sisi na watoto mkekani. Usicheke kwanza.

Nikasukuma kitanda pembeni, nikalifuta kwa kanga. Bado unyevu. Nikakumbuka mwalimu wetu wa darasa la jioni la malezi alivyomimina kikombe kizima cha maji kwenye nepi, yakafyonzwa yote. Nikalivisha nepi za kichanga wangu. Nane, shoga. Nikazibana vizuri kabisa.

Saa moja asubuhi, hodi. Bosi mwenyewe, kaja kukagua. Mume wangu kaganda mlangoni kama nguzo.

Yule mama akatazama kitanda, akatutazama sisi.

"Hili ni tandiko langu?"

"Ndilo, mama."

"Limevaa nepi?"

Limevaa nepi. Ndivyo alivyouliza, taratibu kabisa. Nikajibu, "Ni kwa ajili ya unyevu, mama."

Kazi ya mume wangu naiona kabisa inatoka nje.

Binti yangu akapenya katikati yetu, akaingiza mkono kwenye nepi moja, akapapasa kama ninavyompapasa mdogo wake, kisha akamgeukia bosi:

"Halijakojoa."