Mlima wa Sebuleni

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipoketi kando ya njia kati ya yale maziwa mawili, ukalegeza kamba za viatu, ukasema, "Ngoja nipumue kidogo," na hukunyanyuka tena.

Kazini kwako bado wanakutaja: fundi lifti aliyeimba ndani ya shimo la giza ili walio juu wajue yu mzima. Mwaka mzima ulikuwa ukibanwa humo. Kiangazi kikifika hukutaka kusikia habari nyingine ila milima, maziwa na miguu yetu wenyewe. Sheria yako ilikuwa moja, mwenye mwendo wa pole ndiye atangulie. Kwa hiyo Mama alituongoza miaka yote, akisimama kila penye maua, nawe huko nyuma na begi zito ukitutania: "Tulieni jamani, kiongozi anasalimiana na mbuzi."

Habari tuliyo nayo leo ni yake.

Tangu tulipokurudisha nyumbani, Mama hakutoka. Si kwamba hakutaka. Mwanao mkubwa, dereva wa gari la wagonjwa, anajua mioyo inavyozimika ghafla, akaapa haitatokea mara ya pili. Akamtunza Mama kama yai. Sabuni analetewa, dawa analetewa, hata mkate wa duka la hapo chini. Akigusa tu kitasa, mmoja wetu anaruka: "Unataka nini, Mama? Kaa, nitakuletea."

Basi akaanza kupanda milima humu humu ndani. Anavaa viatu vyake vya safari, anazunguka meza, anapita nyuma ya kochi, anafika dirisha la jikoni, anageuza. Zulia limeota njia. Siku moja mshonaji wa ghorofa ya chini akapanda kulalamikia vishindo. Mama hakusimama.

"Nisubiri, shoga. Niko kwenye mteremko mbaya."

Wakacheka mpaka mshonaji akashika mbavu. Kisha Mama akakaa chini akalia kwa kwikwi. "Humu hewa imeniishia," akasema.

Juzi tulikuwa tukipanga viti vya kumbukumbu yako. Mama akatutazama mmoja mmoja.

"Aliyekufa ni baba yenu. Mimi mnanizika kwa nini?"

Mwanao mkubwa ndiye aliyejikaza kujibu. "Na ukianguka huko, Mama?"

"Nitakuwa nimeanguka nje."

Ameondoka leo asubuhi na dada yake, wakibishana ngazi nzima nani abebe chupa ya chai. Sisi alitukataza kumfuata. Huko milimani simu hazishiki, unajua. Mwanao mkubwa ameshika yake vilevile, na kila baada ya muda anakwenda dirishani anarudi. Tunaogopa, Baba. Tungeweza kumzuia, na tumemwacha aende.

Tunaokukumbuka tukiwa hapa nyumbani ni mwanao mkubwa, binti yako msusi, mkweo, wajukuu zako wote, na mshonaji wa chini, ambaye amepanda kuuliza mbona leo kumetulia.

Anayekukumbuka akiwa njiani ni mkeo.

Hututoki moyoni, Baba, leo na siku zote.