Mama Fidla na Muziki wa Kufumua Nywele

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu ulipotutoka, na nyumba yako bado haijazoea. Wateja walikuita Mama Fidla, wengine kwa heshima, wengine kwa utani, na wewe uliwaitikia wote.

Wasiokujua watashangaa msusi kuitwa kwa jina la chombo ambacho hakuwahi hata kukigusa. Tuwaeleze kidogo. Kabla ya saluni ulikuwa mfagizi katika kituo cha redio. Ukipiga deki korido ya studio, ulisikia fidla na piano zikipigwa taratibu kati ya kipindi na kipindi, bila mwimbaji, bila maneno. Siku moja ukamuuliza fundi mitambo ni muziki gani.

"Huo? Huo hausikilizwi, dada. Ni wa kujazia tu, kipindi kikichelewa."

"Kama hausikilizwi, nirekodie mimi. Mimi nina kazi nao."

Akakurekodia kanda mbili zisizoandikwa kitu. Kwa kuwa hukujua majina ya nyimbo wala ya watunzi, ulizibatiza mwenyewe kwa kazi zako. Kulikuwa na wimbo wa Pasi, wa Kuosha Kichwa, wa Kufumua, na ule mrefu wa Maharage, ambao uliisha yanapokaribia kuiva. Yakikaidi, uliurudisha mwanzo. Sisi wanao tulikua tukiamini kwamba ndiyo majina yenyewe. Kifungua mimba wako hatasahau siku mwalimu wa muziki alipowawekea wimbo mmoja darasani na kuuliza nani anaufahamu. Akanyoosha mkono juu kabisa: "Ni wa Maharage, Mwalimu!" Darasa zima likamcheka, akarudi nyumbani amevimba kwa hasira. Ulicheka hadi ukakaa chini, kisha ukamwambia labda huyo mwalimu hajui kupika.

Baba, fundi wa malori, mtu wa nyundo na spana tangu ujana wake, aliishi nawe miaka thelathini na mmoja akiuliza, "Mama watoto, hivi mwimbaji anaingia saa ngapi?" Nawe ukimjibu, "Yuko njiani, vumilia." Siku hizi anauwasha muziki wako mwenyewe akinyoa ndevu. Hatumuulizi kitu.

Saluni yako ilikuwa na viti vitatu na kioo chenye ufa pembeni. Muziki uliuweka chini sana, hata aliyeingia mara ya kwanza hakuusikia mpaka akae. Watu walisinzia vitini mwako. Karani wa posta alikuwa akisema hadharani kwamba yeye hufuata usingizi, nywele ni kisingizio.

Tulidhani unaupenda tu. Sababu ulimwambia mdogo wako peke yake, naye ametueleza baada ya mazishi. "Dada alisema mkono wa msusi unafuata anachokisikia," alituambia mama mdogo. "Akisikia kinachokimbia, anavuta. Na anayeumia zaidi ni mtoto."

Sasa tuseme lililotufanya tuandike marefu namna hii. Kitinda mimba wako alipomaliza chuo cha urembo ulimpa kiti cha pili. Alikuwa na kasi, alijua mitindo yote mipya, nawe ulimsifia kwa kila aliyepita mlangoni. Lakini aliuonea haya muziki wako. Jumamosi moja, saluni imejaa, akapaza sauti: "Mama, hii ni saluni au chumba cha maiti? Zima huo, watu hawajaja kuzikwa!"

Watu wakacheka. Ukafuta mafuta mikononi, ukazima. Hukumgombeza siku ile wala baadaye. Ulisuka kimya kwa wiki saba, mpaka ulipougua.

Hospitalini alikaa kando ya kitanda chako siku tatu. Maneno alikuwa ameshayapanga. Ulikuwa umelala, akaona si vizuri kukusumbua; ukiamka atakuomba radhi. Hukuamka.

Alipofungua tena saluni alipiga miziki aipendayo yeye, kwa sauti kubwa, ili asikione kiti chako kilivyo kitupu. Wateja hawakupungua. Mwezi uliopita, bibi mmoja, mteja wako wa siku nyingi, alimleta mjukuu wake wa miaka sita. Hata mstari wa tatu haujaisha, mtoto analia. Bibi hakukasirika. Alisema tu, "Mwanangu, kwa mama yako huyu alikuwa anasinzia."

Kitinda mimba wako akazima redio. Akafumua yote aliyosuka, akaweka muziki wako, akaanza upya. Anasema machozi yalimdondokea mtoto shingoni.

"Dada, unalia nini?" mtoto akauliza.

"Namkumbuka mama yangu."

"Alikuvuta nywele?"

"Hapana. Hakuwahi."

Siku iliyofuata alikuja nyumbani akatuita sote. Tulimshauri aende kaburini akaseme nawe kwa utulivu. Akakataa. "Nilimwaibisha mbele za watu," alisema. "Nitamwomba radhi mbele za watu." Baba akasema, "Andika, mwanangu." Ndiyo maana leo wasomaji wa gazeti hili wanasikia mambo ya ndani ya nyumba yako, Mama, wewe uliyekuwa na siri kuliko sisi sote. Yanayofuata ni maneno yake, hatukuyagusa.

"Mama, nilichosema Jumamosi ile kilikuumiza, na niliona kilivyokuumiza, nikaendelea kusuka. Nisamehe. Heri ningekuamsha."

Unakumbukwa na mumeo, wanao watatu na wakwe zako, wajukuu zako watano, akiwemo yule mchanga ambaye hukumwona, mdogo wako, mawifi na mashemeji, majirani, na wote waliowahi kusinzia mikononi mwako.

Pumzika, Mama. Hatutakusahau maisha yetu yote.