Blanketi la Ukutani

Mama mpenzi,

…na lile blanketi la harusi uliloniulizia, usicheke, limefunika ukuta! Ukuta wa kwanza wa chumba tunachojijengea ulimomonyoka kwa baridi kabla saruji haijashika. Tulipomaliza wa pili, mume wangu akaufunika kwa blanketi lako, akaupapasa: “Lala, bibie. Mimi nitavumilia baridi.” Nilicheka hadi nikaangusha mwiko. Asubuhi tukaugusa, mgumu kama jiwe! Akanibeba, tukazunguka chumba chetu kisicho na paa. Chumba chetu, mama!

Ila tangu hapo anakohoa. Anasingizia vumbi la saruji, lakini mimi hulaza sikio kifuani pake, na ninachokisikia hakinifurahishi. Wewe ni nesi, utakijua. Kabla mwezi haujaisha nitamleta kwako, hata kwa kumdanganya kwamba tunafuata blanketi jingine.

Mwanao,
mwenye furaha na hofu