Majina Niliyoyapikia Maharagi

Jumamosi, 7 Oktoba 1978
Nimeanika makaratasi ya Baba tena. Mikeka miwili uani, jiwe juu ya kila rundo. Mahubiri, madaftari ya shule, barua za misioni, vitabu vya ubatizo. Mchwa hawajaingia mwaka huu. Joto kali. Mvua bado.
Wamekuja watu wanne kutafuta mwaka wao wa kuzaliwa. Kila Jumamosi ni hivyo. Ofisi ya serikali ya zoni ikimkosa mtu vitabuni mwake humwambia aende mtaani kwetu, Bel-Air, kwa watoto wa Pasta. Wiki nzima mimi ni direkta wa shule, Jumamosi ni karani wa marehemu. Mmoja leo amekuta ana miaka hamsini na sita. Akanuna, alitaka hamsini. Nimemwambia akamlalamikie Baba.

Jumamosi, 14 Oktoba
Amekuja mtu wa Kipushi, anaitwa Monga. Fundi umeme mgodini. Mpole, kofia mkononi muda wote. Wakati wa vita, yeye akiwa mtoto, mama yake alivuka kwenda Zambia, yeye akabaki na nyanya. Miaka yote hakujua kama mama yu hai. Sasa amempata: hospitali ya misioni ng'ambo, miguu haimbebi tena, anataka kuja kufia nyumbani. Masista wako tayari kumtoa. Lakini mwisho wa mwezi watamhamishia nyumba ya wazee, mbali kabisa huko ndani, siku mbili kwa gari. Akipelekwa huko ndio basi.
Kikwazo ni jina. Karatasi za Monga zinasema mama yake ni Kaluwa. Karatasi za ng'ambo zinasema mgonjwa ni Damari. Watu wa mpakani wamemwambia hao ni wanawake wawili.
"Mama Mwalimu, ni muntu moja tu," akaniambia. "Pasta njo alimubatizaka. Iko mu kitabu ya Pasta."
Nimefungua kitabu. Mstari upo, kwa mwandiko wangu mzuri: Kaluwa, siku, mwezi, mwaka. Damari hakuna.
Nimemwambia arudi, kuna kitabu kingine nikitafute. Uongo. Kitabu kingine hakipo, na hakuna anayejua hilo kuliko mimi.

Jumapili, 15 Oktoba
Niandike, maana sijawahi kuandika.
Mwaka ile amri ya serikali ilipotoka, kwamba majina ya ubatizo yaachwe tubaki na ya mababu, Timoteo aliingiwa na hofu. Ni mdogo wangu, ndiye aliyerithi kanisa la Baba. Mbele ya watu ni Pasta Kyungu, ila humu ni Timoteo, nani atanifunga. Siku hizo mapadri na mapasta walitishiwa jela. Akaniambia: dada, una mkono wa Baba, herufi zenu hazitofautiani, nakili vitabu upya, majina ya mababu peke yake. Nikanakili. Vitabu vitatu, miezi miwili.
Ningependa kusema niliogopa. Si kweli. Nilifurahia. Baba aliandika vile vitabu njiani, goti likiwa meza, baiskeli imeegemea mti. Wino umeruka, mistari imepinda. Na yeye huyohuyo alitulea kwamba karatasi chafu ni aibu. Doa moja, unanakili ukurasa mzima. Basi nikamnakilia. Kila nilipomaliza ukurasa nilijisifu.
Timoteo akasema vitabu viwili visivyofanana ni kesi. Vile vya Baba nikavitia kwenye mbabula, jiko letu la mkaa, karatasi moja moja. Sufuria ya maharagi ilikuwa juu. Tulikula. Mama alikula pia, macho yake yalikuwa yameshaanza kuziba. Sijamwambia hadi leo.

Jumatatu, 16 Oktoba
Shule. Inspekta amepita. Ameyasifu madaftari ya wanafunzi, eti ni safi. Nilitamani kumfukuza.

Jumanne, 17 Oktoba
Nimejaribu kwenye karatasi ya bure. Damari. Ile D ya Baba yenye kitambi. Imetoka sawasawa, hata yeye angeapa ni yake. Nafasi pembeni mwa mstari inatosha. Dakika moja tu, na Monga anampata mama yake.
Wala si uongo. Aliitwa Damari. Namkumbuka mimi mwenyewe, sauti ya pili kwenye kwaya, alikuwa akinisuka nywele.
Kalamu nimeishika mpaka vidole vimeuma. Nikaiweka. Njia ya mwongo ni fupi: leo Damari, Jumamosi ijayo yule wa miaka hamsini. Halafu kitabu cha Baba hakitakuwa cha Baba wala cha mtu yeyote. Karatasi ya majaribio nimeichana vipande.

Jumatano, 18 Oktoba
Nimemwambia Mama. Yote, na maharagi pia.
Hakupiga kelele. Amesema alijua tangu mwaka uleule. Nilipokuwa nikimsomea vitabu siku za Jumapili alikuwa akivipapasa, na karatasi ilikuwa laini mno. Alingoja niseme mwenyewe. Miaka sita kaningoja mlangoni mwake kama anayengoja mtoto aliyechelewa kutoka shule.
Kisha akauliza: "Na Ana?"
Ana ni mdogo wangu wa kike, niliyemtangulia kwa mwaka mmoja. Alizaliwa mgonjwa, Baba akambatiza usiku uleule, asubuhi hayupo. Jina la babu hakuwahi kupewa. Ana tu. Nami nilipofika kwenye mstari ule sikuwa na la kunakili. Nikauruka.
Nimemwambia hivyo. Amegeuza uso ukutani. Sijawahi kujichukia hivi.

Alhamisi, 19 Oktoba
Mficha uchi hazai. Nimeandika cheti, kwa mkono wangu na jina langu:
Mimi Numbi, niliyebatizwa Eunike, direkta wa shule, nilinakili vitabu vya ubatizo vya baba yangu na kuyaondoa majina ya ubatizo. Vitabu vya asili nilivichoma. Kaluwa na Damari ni mtu mmoja. Niliimba naye.
Mistari sita. Kazi yangu yaweza kuondoka nayo, mwalimu wa serikali kukiri kughushi si mchezo. Sasa unatakiwa muhuri wa kanisa. Muhuri anao Timoteo.

Ijumaa, 20 Oktoba
Amekataa. Amekisoma cheti amesimama, akakirudisha kama kitu kinachonuka. Niseme tu namfahamu mama yule, ya vitabu niyaache. Nimemwambia bila ya vitabu mtu wa mpakani atauliza: kwa nini kitabu hakina Damari? Tutajibu nini? Amesema nitaiangusha nyumba yote ya Baba kwa sababu ya bibi mmoja. Nimemwambia nyumba ya Baba ilikuwa ya bibi mmoja mmoja. Ameondoka bila kumuaga Mama.
Hasira. Tena hasira iliyochanganyika, maana miaka ile mimi ndiye nilikuwa mkubwa. Ningeweza kumwambia hapana. Hofu yake naielewa, alikuwa na watoto wadogo wanne.

Jumamosi, 21 Oktoba
Monga amerudi. Nimemweleza ukweli wote. Nilitegemea atukane. Ameuliza tu kama mama yake aliimba vizuri kweli. Nimemwambia vizuri sana, ila alikuwa akichelewa kuingia. Amecheka, halafu amefuta macho kwa kofia.
Cheti hakina muhuri. Nimemwomba arudi Jumatano.

Jumapili, 22 Oktoba
Timoteo hakuja kula. Mara ya kwanza tangu Baba afe. Ugali wa bukari umebaki, sombe ya majani ya mihogo pia. Mama amesema tusimpelekee, njaa ina akili yake.

Jumanne, 24 Oktoba
Amekuja saa kumi, jua kali, suti nyeusi imelowa jasho. Ameingia moja kwa moja kwa Mama, mlango ukafungwa. Sijui walisemezana nini, na sitauliza.
Ametoka na macho mekundu, akaomba cheti. Akakaa kwenye meza ya Baba. Chini ya maneno yangu ameandika: Dada yangu alifanya hayo kwa agizo langu. Kyungu, niliyebatizwa Timoteo, mchungaji. Akapiga muhuri mara mbili, wa kwanza ulikuwa mkavu.
Mwandiko wake mbaya, tangu utoto. Niliusoma huku nalia. Kisha amekula sombe baridi yote, kasimama jikoni.

Jumatano, 25 Oktoba
Monga amechukua cheti. Mvua ya kwanza jioni, malata ya paa yamepiga kelele hadi hatukusikiana. Nimeingiza mikeka.

Jumanne, 31 Oktoba
Mwisho wa mwezi. Hakuna habari kutoka Kipushi. Inspekta hajasema neno, labda habari za cheti hazijamfikia. Kila gari linalosimama barabarani natoka kuchungulia.

Jumamosi, 4 Novemba
Dereva wa lori ameleta ujumbe. Damari amevuka, kabla hajahamishwa. Mtu wa mpakani alisoma cheti mara tatu, akamwita mkubwa wake, mkubwa naye akasoma. Akauliza kama watu hawa wana wazimu. Akagonga muhuri.
Nimemwambia Mama. Ameomba chai yenye sukari nyingi.

Jumamosi, 11 Novemba
Monga amemleta mama yake. Amemshusha garini, amembeba mgongoni. Mdogo sana, amebaki kama kitenge kilichokunjwa. Mama amemshika mikono, wakaanza kugombana nani alikuwa akiharibu wimbo.
Baadaye Damari ameomba nimsomee ukurasa wa siku yake ya ubatizo. Niliona haya, ila nimesoma. Kaluwa. Kasongo. Ilunga. Ilunga. Ilunga.
"Ilunga gani?" akauliza.
Watatu siku moja, na mimi nilikuwa nimewafanya mmoja.
"Wa kwanza njo Petro," akasema Damari. "Ule wa kigugumizi. Wa pili Samweli, alikufaka mu mugodi. Wa tatu..." Akamtazama Mama.
"Filipo," Mama akasema. "Alikuwa anaogopa mayi ya muto. Pasta alimubeba kama mutoto."
Nimechukua daftari jipya. Sikuchora safu. Nimeandika yalivyokuja, majina na vigugumizi, na pale walipobishana nimeandika yote mawili. Ukurasa wa kwanza nimeuachia Ana.
Tumefika mstari wa kumi na moja. Damari amesinzia akiwa ameshika mkono wa Mama. Timoteo amefika kwa chakula, nimemwashiria aingie polepole.