Mgomba Uzikwe Mahali Pangu

Naivasha, Agosti 1996

Mdogo wangu Ambani,

Barua hii ikufikie ukiwa umeketi, maana yaliyomo si ya kusomwa umesimama. Mguu wako umepona? Na wifi yangu, bado anaamka na kile kizunguzungu? Mimi nimevimba miguu hadi magotini. Daktari anasema moyo umechoka, na alipokuwa akisema hivyo alitazama dirishani. Nimefundisha watoto maisha yangu yote. Namjua mtu anayekwepa swali.

Uliniandikia jinsi ulivyobishana na wazee wa ukoo hadi wakakubali nilale ndani ya ua, karibu na mama, ingawa sikuolewa, na kwetu binti asiyeolewa huzikwa nje, kwenye migomba. Nililia kwa furaha. Nikakujibu kwamba nitakuja. Ambani, sitakuja. Hilo ndilo ninaloungama kabla pumzi haijakatika.

Unaikumbuka leleshwa niliyokuwa nikikusimulia, kile kichaka chenye majani ya kijivu yanayonukia kama kafuri. Vitabu vinasema ni ya ukoo mmoja na alizeti, ingawa ukiitazama huwezi kuuona undugu huo. Huku mvua ikikosa msimu mzima, mahindi hufa, mbuzi hufa, leleshwa husimama. Ukiikata, huchipua tena kisikini. Nilipojenga hapa niliiacha izunguke nyumba yangu, nami nikazeeka ndani yake.

Sasa wachoma makaa hawakati tena. Wanang'oa na mizizi, kwa sababu mzizi wake hutoa makaa mazito yanayokaa na moto. Kilima cha mashariki kimebaki mashimo matupu. Upepo ukivuma, vumbi huingia hadi ndani ya sufuria ya chai. Kila nikiamka naona moshi, na kila wiki moshi umesogea. Leleshwa yangu ndiyo iliyobaki.

Juzi mkubwa wao alikuja, kijana mpole, akanywa chai yangu. Alitaka nimuuzie. Nikamwambia hii haiuzwi. Hakukasirika. Aliitazama miguu yangu, akasema, "Basi tutangoja, Mwalimu. Si uko peke yako hapa?"

Alipoondoka aliacha jembe lake limeegemea ukuta wangu. Hajalifuata hadi leo.

Nilimweleza Mzee Lekishon, jirani yangu mfuga mbuzi, ambaye hunitania kwamba sisi Waluhya huanza matanga kabla mtu hajaugua. Safari hii hakutania. Alilizunguka lile jembe bila kuligusa. Akasema, "Hawa hawamwogopi chifu, na sijui kama wanamwogopa Mungu. Kaburi tu ndilo wanalolipita mbali."

Kwa hiyo nimemwonyesha mahali, katikati ya leleshwa, naye ameahidi kunizika, yeye na wanawe. Usitume gari.

Najua utakachosema. Kwetu mgomba huzikwa badala ya mtu aliyechukuliwa na mto au vita, asiyeonekana tena. Hauzikwi kwa ajili ya mtu ambaye kaburi lake linajulikana. Wazee watasema nimewaachia roho isiyotulia, inayobisha hodi penye nyumba mbili. Labda ni kweli. Nimelifikiria hilo, nami naliogopa kama wewe. Lakini uzike mgomba pale ulipopigania, karibu na mama, ili pasibaki wazi.

Nisalimie wifi yangu. Mwambie asichote maji peke yake mtoni. Wasalimie watoto wako wanaoniita senje, shangazi yao, na binamu yetu fundi baiskeli wa sokoni Khwisero, ambaye husema atakuja kunitembelea na haji. Sasa asije.

Ambani, lile jembe nimeliingiza ndani, liko nyuma ya mlango. Nimemwambia Mzee Lekishon achimbe kwa hilo hilo.

Ni mimi dada yako,
Ayuma