Siku ya Nane Unayoidharau

Mtaa wa Maritsa 9,
Plovdiv.
1 Mei 2022

Mpendwa mdogo wangu Nisim,

"Siku ya nane ya Pasaka ni mzigo tu wa Wayahudi wa nje, haimfai mtu lolote." Hayo ni maneno yako ya wiki iliyopita. Nitayajibu, lakini adabu kwanza. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Roza na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, na mlozi wa uani umepona baridi.

Sasa hiyo siku ya nane. Ninyi huko Haifa, katika Nchi Takatifu, mnamaliza Pasaka siku ya saba. Sisi wa nje tunaongeza moja. Mwaka huu imeangukia Sabato. Sisi tukasoma masomo ya sikukuu, ninyi mkaendelea na fungu linalofuata kati ya mafungu ya Torati ya kila Sabato. Tangu hapo mko mbele yetu kwa fungu moja, na mtabaki mbele hadi kiangazi.

Wewe ndiye uliyemrekodia Izidor wangu fungu la kusoma kwenye bar mitzva yake ya kutimiza miaka kumi na mitatu, Sabato ya tarehe 14 mwezi huu. Ulitazama kalenda ya ukutani kwako. Mtoto ameikariri sauti yako majira yote ya baridi, hata mahali ulipokohoa.

Jumatano alimsomea Bwana Konforti, kiongozi wetu wa sala. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, macho kayafumba.

"Umesoma vizuri, mwanangu. Ila hilo si la siku yako. Ni la Sabato inayofuata."

"Mjomba hakosei," Izidor akajibu.

"Hajakosea. Amesahau tu kwamba kwenu si kwake."

Tangu jioni ile mtoto haimbi hata bafuni.

Juzi kwenye simu ulisema asome hilohilo, maana nusu ya wazee wetu hawasikii. Wasiosikia wanafuata kwa kidole kitabuni, Nisim. Wangemkatiza neno la kwanza. Na fungu jingine hawezi kulijua kwa siku zilizobaki.

Kwa hiyo tumesogeza sherehe hadi tarehe 21. Kwenu fungu lake litakuwa limekwisha pita. Kwetu bado linakuja, kwa sababu ya siku ileile usiyoiona faida yake. Hilo ndilo jibu langu.

Linalobaki ni wewe. Unasema tiketi yako ya kuja huku ni ya tarehe 12 na likizo haisogei. Izidor naye kasema, "Mjomba asiposimama kando yangu, sisomi." Baba yake hayupo duniani kusimama hapo. Ameshakutaja wewe kwa kila mtu sinagogini.

Msalimie Roza, Eliya na Tamar. Shangazi Viktoria anauliza kama bado mnakula burekas zake za mbilingani. Ameanza kukanda unga.

Nisim, fungu ulilomfundisha linaamuru kila mtu arudi kwa jamaa yake. Badilisha tiketi leo, unijibu kabla Sabato haijaingia.

Mungu akufikishe salama.

Dada yako akupendaye,
Matilda